Ruta yangu ya modeli, na gharama ya kuhamahama

Msaidizi wa kuandika programu hatumi ombi moja tu. Ukimwambia "rekebisha hili kosa", anafungua faili, anatafuta jina la funksheni, anaendesha majaribio, anasoma majibu, anarudi tena. Kila hatua ni ombi jipya kwa modeli, yaani ile akili mnemba inayotunga majibu. Mimi nilikuwa natuma yote kwenye modeli kubwa, hata lile la kuyapa mazungumzo jina. Yaani nakodi Fuso kwenda kuchukua mkate.

Ndipo nikaandika ruta. Kifupi, ni proksi ndogo, yaani programu ya kati inayopokea maombi na kuyapitisha, inayokaa kwenye kompyuta yangu. Claude Code (msaidizi wa kampuni ya Anthropic) ukiipa anwani nyingine kupitia mpangilio wa ANTHROPIC_BASE_URL, maombi yote yanapita hapo kwanza, na proksi inaamua yaende modeli ipi. LiteLLM na claude-code-router zinafanya kazi hiyo hiyo na zote ni za bure. Mimi niliandika yangu kwa ubishi tu.

Kanuni yangu ya kwanza ilionekana ya akili: pima ugumu wa kila ombi, jepesi liende modeli ndogo, gumu liende kubwa. Wiki mbili baadaye bili ilikuwa imepanda.

Sababu ni kashe, yaani akiba ya muda. Modeli haina kumbukumbu ya ombi lililopita, kwa hiyo kila hatua inabeba mazungumzo yote tangu mwanzo. Ili usilipe bei kamili kila mara, Anthropic huhifadhi sehemu iliyokwisha kusomwa, na kuisoma tena hugharimu sehemu ya kumi ya bei ya kawaida. Ila kashe hiyo ni ya modeli moja, na kwa kawaida hufa isipoguswa kwa dakika 5.

Chukua mazungumzo ya tokeni 60,000 (si hizi za umeme; ni vipande vya maneno ambavyo modeli husoma na kutozwa kwavyo). Kwa bei za mwishoni mwa 2025, Sonnet 4.5, modeli kubwa hapa, ilitoza dola 3 kwa tokeni milioni zinazoingia, na Haiku 4.5, ile ndogo, dola 1. Sonnet ikiwa na kashe inayasoma kwa senti 1.8. Ukihamia Haiku katikati, inayasoma upya bila kashe: senti 6. "Nafuu" imekugharimu mara tatu na zaidi. Ukirudi Sonnet umechelewa, kuandika kashe upya ni bei ya kawaida mara 1.25, yaani senti 22.5. Ruta yangu ilikuwa inahamahama hivyo mara kadhaa kwa saa, nami najisifu kwamba nabana matumizi.

Sasa ruta yangu haiangalii ujumbe, inaangalia kazi. Modeli inachaguliwa mazungumzo yanapoanza na haibadiliki mpaka yaishe. Modeli ndogo inapata kazi zinazoanza na ukurasa mtupu: kutoa majina, kufupisha kumbukumbu za seva, au msaidizi mdogo anayetumwa kupekua faili na kurudi na jibu la aya moja. Hapo hakuna kashe ya kupoteza.

Kutafsiri kati ya mitindo ya API (njia ambayo programu huzungumza na modeli) ndiko kulikonila usiku mwingi zaidi. Kwa Anthropic, modeli ikiita zana (mfano ile ya kufungua faili), vigezo vyake huja kama kitu cha JSON, muundo wa kupanga data. Kwa mtindo wa kampuni ya OpenAI huja kama maandishi ambayo ndani yake kuna JSON. Na jibu likitiririka, kwa mitindo yote miwili vinakuja vipande vipande. Ukikosea kuviunga, msaidizi anajaribu kufungua faili lenye nusu ya jina.

Halafu kuna modeli za kuendesha mwenyewe. Nilipoelekeza kazi kwenye modeli iliyo kwenye kompyuta yangu, ilijibu kama mlevi: haijui zana zake, inarudia swali. Nikailaumu modeli siku nzima. Kumbe programu iliyoiendesha ilikuwa na dirisha (kiasi ambacho modeli inaweza kusoma kwa mara moja) la tokeni 4,096, wakati maelekezo na orodha ya zana vilishapita 10,000. Ilikuwa inakata ziada kimyakimya, bila hata onyo. Tangu hapo proksi yangu inahesabu tokeni kabla ya kutuma, na ombi lisilotosha inalikataa kwa sauti.

Kuhama katikati kumebaki kwa hali moja tu. Modeli ndogo ikikwama mara mbili kwenye kosa lile lile, naiagiza iandike muhtasari wa mistari kumi: tumejaribu nini, kosa linasemaje, faili ni zipi. Huo ndio naupeleka kwa modeli kubwa katika mazungumzo mapya, na zile tokeni 60,000 naziacha nyuma.