Kipindi cha ukomo na kipindi nyeti ni dhana mbili

Katika memwari (tasnifu za kumaliza masomo) za wenzangu wa masteri ya saikolojia ya makuzi hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kuna sentensi moja inayokuja mapema, kwenye kurasa za utangulizi: miaka mitano ya kwanza ni kipindi cha ukomo, kikipita mtoto hawezi tena kurekebishwa. Sentensi hiyo imetoka auditwari, ukumbi wa mihadhara, ikafika redioni, ikafika kwenye mafunzo ya mashirika yanayohudumia watoto waliokimbia vita, na sasa iko majumbani. Mama mmoja wa Kadutu, mtaa wa hapa Bukavu, aliyemchukua mtoto wa marehemu dada yake akiwa na miaka saba, aliambiwa hivyo na mtu aliyesoma, naye akaniuliza kama bado kuna faida ya kuhangaika. Neno la darasani likianza kuamua nani apelekwe shule na nani aachwe, inafaa lielezwe sawasawa.

Maana kwa ufupi. Kipindi cha ukomo, ambacho walimu wetu hukiita période critique, ni muda wenye mwanzo na mwisho unaojulikana, ambao ndani yake kiungo au uwezo fulani lazima ukutane na jambo fulani. Ukikosa, hasara haifidiki. Kipindi nyeti, période sensible, ni muda ambao uwezo hujengeka kwa urahisi kuliko wakati mwingine wowote. Ukipita, kujenga bado kunawezekana, ila kwa jasho zaidi na pengine bila kufika mbali vilevile. Mipaka ya kile cha kwanza ni mikali, ya hiki cha pili hufifia polepole.

Wanaochanganya hivi viwili hawakosi akili. Wamerithi dhana bila kuambiwa ilikotoka, na ilikotoka ndiko kwenye ufunguo wa jambo lenyewe.

Wa kwanza kuitumia walikuwa wataalamu wanaochunguza jinsi mtoto anavyoumbika tumboni. Dawa iitwayo thalidomide, iliyouzwa kuanzia 1957 hadi 1961, inaonyesha walichomaanisha. Mama aliyeimeza takribani kati ya siku ya 20 na ya 36 baada ya mimba kutungwa, mtoto wake aliweza kuzaliwa na mikono au miguu isiyokamilika. Aliyeimeza miezi kadhaa baadaye hakupata balaa hilo, maana viungo vilikuwa vimekwisha kuumbika. Hapo neno ukomo linastahili kabisa, kwa sababu mkono hauumbwi mara ya pili.

Mwaka 1935 Konrad Lorenz, Mwaustria aliyechunguza ndege, alieleza jinsi vifaranga vya bata bukini wanavyoshikamana na kitu cha kwanza kinachotembea mbele yao muda mfupi baada ya kuanguliwa, na akalifananisha jambo hilo na yale ya viini vya mimba. Kutoka kwake dhana ikaingia katika saikolojia ya mtoto. Yaani ilitufikia kutoka tumboni na kwenye kiota, kabla mtu yeyote hajaipima kwa watoto wa watu.

Tena hata kwa ndege haikusimama kama Lorenz alivyoiweka. Waliomfuata, Patrick Bateson akiwa mmoja wao, walikuta kwamba kifaranga aliyezuiwa kuona vitu hubaki tayari kujifunza kwa muda mrefu zaidi. Mlango haukufungwa na saa peke yake. Kujifunza kwenyewe ndiko kulikoufunga. Ndiyo maana wengi wakaanza kusema kipindi nyeti, na sehemu hii ya hadithi haifundishwi kwa uzito unaostahili. Kozi hufika kwa Lorenz, mtihani unakuja, basi.

Mfano wa pili unaotajwa sana ni wa paka. David Hubel na Torsten Wiesel, walioshiriki Tuzo ya Nobel ya 1981, walifunga jicho moja la paka mchanga kwa wiki kadhaa, na lilipofunguliwa ubongo haukulitumia tena vizuri. Paka mkubwa aliyefungwa jicho kwa muda huohuo hakudhurika hivyo. Ushahidi huo ni imara, na ndiyo sababu mtoto aliyezaliwa akiwa na ugonjwa wa mtoto wa jicho anapaswa kupasuliwa mapema. Lakini huko India, mradi ulioanzishwa na Pawan Sinha umetibu watoto waliokaa vipofu miaka mingi, wengine hadi ujana, na wengi wao walijifunza kutambua vitu na nyuso. Ukali wa macho yao haukufikia wa wengine. Kuona, hata hivyo, walijifunza.

Sasa tufike kwenye mapenzi na malezi, ambako kosa hili linaumiza zaidi. John Bowlby, daktari wa akili Mwingereza, aliliandikia Shirika la Afya Duniani mwaka 1951 kwamba hata malezi mazuri ya mama karibu hayana faida yakichelewa mpaka baada ya miaka miwili na nusu. Kauli hiyo bado inanukuliwa katika memwari zetu. Isiyonukuliwa ni makala ya 1956, ambamo Bowlby mwenyewe, pamoja na wenzake akiwemo mwanasaikolojia Mary Ainsworth, alifuatilia watoto waliotengwa na wazazi wao katika hospitali ya kifua kikuu, akakiri kwamba madhara ya kutengana yalikuwa yametiwa chumvi. Ainsworth huyo ndiye aliyekuwa Uganda miaka hiyohiyo, karibu na Kampala, akitazama mama na watoto wachanga majumbani mwao. Ni jirani yetu kabisa, na kazi yake ya huko ingestahili kusomwa hapa Kivu kabla ya ile aliyoifanya baadaye Marekani.

Kisha kuna watoto wa Rumania. Utawala wa dikteta Ceaușescu ulipoanguka huko Desemba 1989, dunia iliona makao ya kulelea watoto yaliyojaa watoto wasiobebwa wala kusemeshwa. Charles Nelson, Charles Zeanah na Nathan Fox walichukua watoto 136 wa makao ya Bucharest, wa miezi 6 hadi 31, wakawagawa kwa kura: nusu kwa familia za malezi, nusu wakabaki katika huduma za kawaida. Matokeo ya 2007 yalionyesha kwamba waliopata familia walipanda katika vipimo vya akili, na waliowahi, hasa kabla ya miaka miwili, walipanda zaidi. Watu hutaja umri huo wa miaka miwili kama kufuli, yaani mlango uliofungwa kabisa. Watafiti wenyewe waliandika kipindi nyeti.

Uingereza, Michael Rutter na wenzake waliwafuatilia watoto wa Rumania walioasiliwa huko mpaka wakawa watu wazima. Waliokaa makaoni chini ya miezi sita walikua karibu sawa na watoto wengine walioasiliwa. Kati ya waliozidisha hapo, wengi walibaki na shida za kuhusiana na watu na za kutulia, na shida hizo ziliwafuata ukubwani. Ila udhaifu wa akili uliopimwa utotoni ulishuka hadi viwango vya kawaida walipokua, na takribani mmoja kati ya watano hakuonyesha shida yoyote katika miaka yote hiyo. Kundi ni lilelile, jambo moja limepona na jingine halikupona. Kwa hiyo kusema “kipindi cha mtoto” bila kutaja uwezo gani ni kusema nusu ya sentensi. Kuona kuna muda wake, lugha ina wake, kushikamana na mlezi kuna wake.

William Greenough, mtafiti wa ubongo, alitusaidia mwaka 1987 kwa tofauti nyingine ambayo ningependa kila mwanafunzi wa masteri aishike. Kuna mambo ambayo ubongo huyangoja kwa sababu kila mtoto wa binadamu huyakuta: mwanga, sauti, mtu wa kumshika. Kuna mengine ambayo hauyangoji, hujifunza yakitokea: kusoma, hesabu, kushona. Haya ya pili hayana ukomo wa umri. Mama anayeanza alfa, darasa la watu wazima la kusoma na kuandika, akiwa na miaka arobaini anasoma Biblia yake baada ya muda, na hakuna nadharia ya makuzi inayosema hawezi.

Simaanishi kwamba kuchelewa ni sawa. Mtoto kiziwi anayekaa hadi miaka tisa bila lugha yoyote, hata ya ishara, hupoteza kitu: tafiti za Rachel Mayberry zinaonyesha kwamba sarufi ya waliochelewa kupata lugha ya kwanza hubaki na upungufu hata baada ya miaka mingi ya kuitumia. Samaki mkunje angali mbichi, wazee walisema kweli. Mtoto huyo apewe lugha leo, asingojeshwe mwaka mmoja zaidi. Na aliye na Mashi, lugha ya Washi wa hapa kwetu, na Kiswahili tayari, akaanza Kifaransa darasani akiwa na miaka minane, yuko katika hali tofauti kabisa, kwa kuwa lugha ya kwanza anayo.

Basi, ndugu zangu mnaoandika sasa, sentensi ile ya utangulizi inaweza kutengenezwa bila kuivunja memwari. Andikeni kipindi nyeti, halafu mtaje ni cha uwezo gani, kwa umri gani, na kwa watoto waliokosa nini. Neno ukomo libaki kwa yale ambayo ushahidi umeonyesha hayarudi. Na kwa wanaofundisha wahudumu wa watoto katika kambi, baada ya kusema miaka ya kwanza ina uzito, ongezeni palepale kwamba mtoto aliyefika kwenu akiwa na miaka saba, kumi au kumi na miwili bado anajengeka, na kwamba atahitaji muda mrefu zaidi wa mlezi yuleyule mmoja kuliko mdogo wake.