Chama cha viti vichache, karata mkononi: kisa cha Centrum-Demokraterne

Novemba 1973, Bunge la Denmark lilikuwa likipigia kura muswada wa kuwabana kikodi wenye nyumba. Erhard Jacobsen, mbunge wa Social Democrats na meya wa Gladsaxe, kando ya Copenhagen, hakuonekana ukumbini. Gari liliishiwa petroli, alisema. Serikali ya waziri mkuu Anker Jørgensen, wa chama hichohicho, ikakosa kura yake, ikakwama na uchaguzi ukaitishwa. Siku hizohizo Jacobsen, aliyeona wenzake wameelemea mno kushoto, akaanzisha chama chake, Centrum-Demokraterne, yaani Wanademokrasia wa Katikati.

Tarehe 4 Desemba, chama cha wiki chache tu kikapata asilimia 7.8 ya kura na viti 14 kati ya 179. Aliyezoea kura za majimbo, ambako mshindi ni mmoja na wengine hurudi nyumbani mikono mitupu, atashangaa. Denmark viti hugawanywa kwa uwiano wa kura nchi nzima, na kizingiti ni asilimia 2 tu. Ukikivuka, unaingia na kundi lako. Mwaka 1975 asilimia 2.2 zilikipa chama hicho viti 4.

Kura zake zilipanda na kushuka kama maji ya bahari. Kilele kilikuwa 1981: asilimia 8.3, viti 15. Ila kwa maoni yangu, anayehesabu viti pekee hajakielewa chama hiki. Nguvu yake ilikuwa kukaa katikati, mahali ambapo kambi zote mbili, ya kushoto na ya kulia, zilimhitaji mtu wa kujazia hesabu. Mwaka 1982 kiliingia serikali ya Poul Schlüter wa Conservative, chama cha kulia. Mwaka 1993 kikaingia ya Poul Nyrup Rasmussen wa Social Democrats, chama kilekile alichokikimbia mwanzilishi! Wakati huo kiongozi alikuwa bintiye, Mimi Jakobsen (yeye huandika jina hilo kwa k). Desemba 1996 wakajitoa, baada ya serikali kupitisha bajeti kwa msaada wa vyama vya kushoto.

Mwaka 1998 bado walikuwa na viti 8. Mwaka 2001 wakapata asilimia 1.8, pungufu kidogo tu ya kizingiti, na viti vyote 8 vikaondoka kwa mpigo. Mwaka 2005 wakaambulia asilimia 1. Mwaka 2008 chama kikavunjwa.