Je, wajua kwa nini umeme ukipungua robo, resho hupoteza karibu nusu ya moto?

Saa moja jioni, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo. Toka Kadutu hadi Bagira, kila nyumba yenye umeme imewasha taa na televisheni, na wengi wamebandika sufuria kwenye resho, yaani jiko la umeme, ili makala (mkaa) yasiishe kabla ya mwezi. Waya wa resho, uliokuwa mwekundu wa kung'aa mchana, sasa una rangi ya kutu. Maji ya bugali yamegoma. Ukipima kwenye soketi unakuta volti 165 badala ya 220, yaani pungufu ya robo tu. Mbona basi maji yanachukua karibu muda mara mbili?

Pindua resho (likiwa limepoa na limechomolewa, tafadhali) usome kibandiko: 220 V, 1000 W. Namba hizo mbili zinatosha. Wati ni volti mara ampea, kwa hiyo gawanya 1000 kwa 220: resho linavuta ampea 4.55. Kisha gawanya volti kwa ampea, 220 kwa 4.55, upate ukinzani wa waya wake, yaani jinsi unavyouzuia umeme kupita: karibu omu 48.4. Hesabu hii ya pili ndiyo kanuni ya Georg Ohm, Mjerumani aliyekuwa akifundisha shule, aliyeichapisha mwaka 1827.

Jambo lote limefichwa kwenye hizo omu 48.4. Ni mali ya waya wenyewe: urefu wake, unene wake na madini yake. Umeme ushuke au upande, ukinzani wa waya wa resho haubadiliki sana. Basi jioni, volti zikiwa 165, mkondo nao hauwezi kubaki ampea 4.55. Gawanya 165 kwa 48.4, unapata 3.41. Sasa zidisha 165 kwa 3.41: wati 563 hivi. Kati ya wati 1000 ulizonunua dukani, 437 hazipo.

Fikiria wabeba mizigo wanaopanda kuelekea soko la Kadutu. Ampea ni idadi ya wanaopita kwa dakika, volti ni mzigo wa kila mmoja. Volti zikishuka, kila mmoja anabeba kidogo, na papo hapo wanaopita nao wanapungua. Hasara inaingia mara mbili. Ndiyo sababu mafundi hutumia njia ya mkato: volti mara volti, gawanya kwa omu. Robo tatu ya robo tatu ni asilimia 56.

Turudi kwenye sufuria. Bukavu iko juu, kama mita 1500, na maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Lita mbili zikianza na nyuzi 20, kwa wati 1000 zingehitaji dakika kumi na nusu kama moto wote ungeingia majini. Kwa wati 563 ni karibu dakika 19. Jikoni huwa ni zaidi ya hapo, kwa kuwa moto mwingine unakwenda hewani, na kadiri maji yanavyochelewa ndivyo unavyozidi kupotea. Kwa hiyo umeme dhaifu haukupunguzii matumizi: ili uchemshe maji yale yale, mita inahesabu zaidi kidogo.

Ampuli (balbu) za zamani za waya hazifuati hesabu hii vizuri, maana ukinzani wao hupanda sana zikipata moto. Ukipima omu za ampuli ikiwa baridi, utapata namba ndogo hata udhani kipimo chako kimeharibika.

Hizo volti 55 zimekwenda wapi? Nyingi zimebaki njiani, kwani nyaya nazo zina ukinzani. Chukua nyumba iliyo mita 80 kutoka kwenye nguzo, imeunganishwa kwa waya wa shaba wa milimita mraba 2.5. Kwenda na kurudi ni mita 160, ambazo ni omu 1.12. Ukivuta ampea 10, volti 11 zinapotea kwenye waya na wati 112 zinaupasha moto bure. Majirani wawili wakijiunga kwenye waya huo huo hadi ampea 20, volti zinazopotea ni 22, lakini moto ndani ya waya unafika wati 448, mara nne. Hapo ndipo viungio vilivyofungwa kwa plastiki huanza kunuka. Kwa maoni yangu, fedha ya waya mnene ni bora kuliko fedha ya resho kubwa.

Chaja ya simu haijali, kwa kuwa nyingi zimetengenezwa kufanya kazi toka volti 100 hadi 240. Friji ndiyo ya kuhofia: volti zikiwa chache mno, mota inashindwa kuanza kuzunguka, inavuta ampea nyingi kupita kiasi, na inaweza kuungua.

Wenye uwezo hununua regulateri, nayo huwarudishia volti 220. Lakini wati haziumbwi ndani ya kisanduku. Ili resho lipate 1000 zake kutoka kwenye volti 165, regulateri inapaswa kuvuta ampea 6.06 kutoka barabarani, badala ya zile 3.41, na kwa kila ampea inayoongezeka, volti za jirani aliye mwisho wa waya zinazidi kushuka.