Kamusi ya kukagua tahajia: tunayoamini na yalivyo

"Ukikusanya maneno mengi, kamusi imekamilika." Hii ndiyo inayowaponza wengi. Kwa Kiswahili, orodha tupu haitoshi hata ukikesha. Kitenzi "pika" kwa nafsi sita na viambishi vinne (na, li, ta, me) tayari kina maumbo 24, na hapo hujagusa ukanushi wala yambwa. Ndiyo maana Hunspell, programu ya kukagua tahajia inayotumiwa na LibreOffice na Firefox, ina faili mbili: .dic ya maneno na .aff ya kanuni. Kwenye .dic unaandika pika/A, A ikiwa alama ya kundi la kanuni. Kwenye .aff, chini ya kichwa cha kundi A, unaweka PFX A 0 nili . (PFX ni kiambishi awali, nukta ni "neno lolote"), yaani usikate kitu, tanguliza "nili". Inaandikwa "nili" nzima kwa sababu Hunspell kwa kawaida huvua kiambishi awali kimoja tu. Haitavua "ni" kisha irudie "li".

Kanuni nazo zina mtego. Ipe "la" alama hiyohiyo, itapitisha "nilila" bila haya. Andika kula/A, upate "nilikula" na "nitakula". Vitenzi vya silabi moja vimenitoa jasho kuliko vingine vyote.

"Kamusi kubwa ndiyo bora." Si lazima. Kila neno unaloingiza laweza kuficha kosa. Umeongeza "ktk" kwa sababu ndivyo unavyoandika kwenye ujumbe. Siku likiponyoka kwenye barua rasmi, kimya. Kibaya zaidi ni kubofya "ongeza kwenye kamusi" kwa pupa: "haidha" ikishaingia, hutaiona tena. Mimi huipekua kamusi yangu binafsi kila baada ya muda. Ni faili ya maandishi ya kawaida, kufuta mstari ni kazi ya sekunde.

"Pasipo mstari mwekundu, sentensi ni sahihi." Aliyeandika "wananchi wamepiga kula" hataonywa. Kula ni neno halali, na kamusi hutazama neno, haisomi sentensi.

"Ng'ombe ni ng'ombe tu." Kwa kompyuta, la. Programu nyingi za kuandikia hugeuza ritifaa iliyonyooka (') kuwa iliyopinda (’), na ghafla ng'ombe, ng'oa na ng'ara vyote vyekundu, wakati mwandishi hajakosea lolote. Dawa ni mistari miwili kwenye .aff, inayogeuza iliyopinda kuwa iliyonyooka kabla ya kukagua (1 ni idadi ya mageuzi):

ICONV 1
ICONV ’ '

Na juu kabisa ya faili iwepo SET UTF-8, yaani mfumo wa kuhifadhi herufi, la sivyo hiyo iliyopinda haitatambulika.