Je, wajua? Tanzania Bara, kiasi cha fidia kilichotajwa kwenye mkataba ni ukomo tu

Wafanyabiashara wengi huamini kwamba mkataba ukitamka kuwa atakayeuvunja atalipa shilingi milioni 20, basi aliyevunjiwa anadai milioni 20 na mahakama inaamuru zilipwe. Dhana hiyo inaeleweka, kwa kuwa ndivyo mkataba wenyewe unavyosomeka, na hata waandishi wa mikataba huitia nguvu kwa kuandika "fidia kamili" bila kueleza zaidi. Sheria ya Mikataba ya Tanzania Bara, Sura ya 345, inasema vingine: kifungu cha 74 kinampa aliyevunjiwa mkataba fidia ya kuridhisha isiyozidi kiasi kilichotajwa.

Kiasi hicho ni kama ujazo wa pipa, ambao hukuonyesha maji yanaweza kufika wapi bila kukuambia yamo kiasi gani. Kinacholijaza pipa ni hasara, nayo hupimwa kwa kifungu cha 73, yaani hasara iliyotokana na uvunjaji kwa kawaida ya mambo, au ile ambayo pande zote zilijua tangu mwanzo kwamba ingeweza kutokea, bila kuhesabu hasara ya mbali wala ile ambayo mdai angeweza kuiepuka. Kinachozidi mdomo wa pipa humwagika.

Tuchukue mnunuzi wa saruji aliyecheleweshewa mzigo. Hasara yake ikiwa milioni 8, hupata takriban milioni 8. Ikiwa ni milioni 35, na milioni 10 kati ya hizo angeziepuka kwa kununua kwingine mapema, hubaki milioni 25, ambazo ukomo huzikata hadi 20. Mdaiwa mjanja huanza na milioni 20, akatoa 10, akatangaza kwamba anadaiwa 10. Lakini mantiki ya kifungu ni kupima hasara kwanza, kisha kuilinganisha na ukomo.

Ajabu ni kwamba kifungu hichohicho kinasema fidia hutolewa iwe hasara halisi imethibitishwa au la. Maneno haya yanatokana na Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, hivyo maamuzi ya India husomwa Tanzania ingawa hayazifungi mahakama zake. Mwaka 2015, katika shauri la kampuni ya Kailash Nath, Mahakama ya Juu ya India ilieleza kwamba hasara inayoweza kuthibitishwa sharti ithibitishwe, na kwamba nafuu hiyo ya kutothibitisha ni kwa hasara ngumu kupimika. Mamlaka ya Maendeleo ya Delhi, iliyokuwa imezuia amana ya kampuni hiyo ya rupia milioni 7.8 kwa kiwanja kilichonadiwa kwa milioni 31.2, kisha ikakiuza kwa milioni 117.8, iliamriwa kurudisha amana pamoja na riba. Hata hivyo, mahakama iliona pia kwamba kampuni haikuvunja mkataba, kwa hiyo maelezo yake kuhusu hasara yasomwe kwa tahadhari.

Kenya hufuata njia nyingine, kwa kuwa Sheria yake ya Mikataba, Sura ya 23, imepokea sheria ya mazoea ya Uingereza, yaani ile iliyojengwa na maamuzi ya mahakama, ambako kiasi kilichotajwa husimama chote au huanguka chote kama adhabu. Mnunuzi yuleyule mwenye hasara ya milioni 8 angeweza kupata 8 mjini Arusha na 20 mjini Nairobi, mradi kiasi hicho kisionekane kupita kiasi.