Kwa nini kulanti ya ndege ndogo hupungua bila tone kuonekana chini?

Asubuhi tangi la kulanti, kimiminika kinachopoza injini, limepungua, na sakafu ya banda ni kavu kabisa. Kulanti imekwenda wapi? Kwenye Rotax 912, injini inayorusha ndege nyingi ndogo duniani, mara nyingi hakuna kilichotoboka. Kulanti ilitoka kwa njia yake ya kawaida, ikashindwa kurudi.

Katika injini hii silinda zenyewe hupozwa na upepo. Kulanti hupita kwenye vichwa vya silinda tu. Kutoka hapo hupanda kwenye tangi dogo lililo juu ya injini, huenda kwenye rejeta, kisha pampu huisukuma tena. Kifuniko cha tangi kina valvu mbili. Moja hufunguka presha ikifika kiwango kilichoandikwa juu yake (baa, kipimo cha presha, 0.9 kwa vifuniko vingi vya zamani, 1.2 kwa vipya), na kulanti iliyotanuka kwa joto hukimbilia chupa ya akiba. Injini ikipoa, kulanti husinyaa, valvu ya pili hufunguka na tangi hunyonya kilichotoka.

Unyonyaji huo ni dhaifu. Mpira mwembamba wa kwenda kwenye chupa ukiwa na ufa, au ncha yake isipozama, tangi huvuta hewa badala ya kulanti. Ukikuta chupa imejaa na tangi limepungua, basi umepata jibu: badilisha mpira, zamisha ncha hadi karibu na kitako cha chupa, kagua raba na valvu za kifuniko. Chupa iliyojaa kupita kiasi humwaga ziada ndege ikiwa angani, ndiyo maana chini huoni kitu.

Springi ya kifuniko nayo huchoka, na huenda usigundue ukiwa ardhini. Valvu hupima tofauti kati ya presha ya ndani na ya nje. Kwenye mita 3,000 presha ya hewa ni takribani baa 0.7, hivyo kulanti huchemka kwenye joto la chini zaidi. Kifuniko kilichochoka huanza kuitema wakati wa kupanda, injini inapofanya kazi nzito. Kipime peke yake.

Kisha tafuta uvujaji halisi. Injini ikiwa baridi (kifuniko hakifunguliwi kamwe ikiwa moto), funga pampu ya mkono kwenye tangi, jaza hewa hadi presha iliyoandikwa kwenye kifuniko, isizidi, na usubiri dakika 10 hadi 15. Geji ikishuka, pitia klampu zote, maungio ya rejeta na kitundu kidogo kilicho chini ya pampu ya maji. Kitundu hicho kikitoa kulanti, sili (kizuia uvujaji) ya pampu imekwisha. Kikitoa oili, ni sili ya oili ya shafti hiyohiyo. Usikizibe. Mapovu yasiyoisha tangini injini ikiunguruma huashiria ufa kwenye kichwa cha silinda, jambo la nadra.

Unapoongeza, changanya nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa (distilled). Ile aina ya kulanti inayotengenezwa bila maji haichanganywi na kitu. Washa injini, iache ipoe, kagua tena, kwa sababu hewa iliyonaswa hutoka polepole.

Na usiitegemee geji ya joto pekee. Kwenye vichwa vya silinda vya toleo jipya kihisi (sensa ya joto) hupima kulanti yenyewe. Ikiisha, kihisi hubaki hewani na mshale unaweza kushuka huku chuma kikizidi kuungua.