Kuoza si kuiva: tahadhari kwa wanaouza mboji

Malalamiko ya wakulima wa mbogamboga kutoka Buhongwa, Kisesa na vijiji vya kandokando ya Ziwa Victoria yameongezeka msimu huu, na karibu yote yanafanana. Mkulima ananunua mboji ya mfuko, yaani mbolea ya mabaki yaliyoozeshwa, anaichanganya kwenye tuta la mchicha, na baada ya siku chache miche inageuka manjano na kudumaa. Mifuko tuliyoletewa ofisini ilikuwa na joto ndani na harufu kali ya amonia, maana yake iliuzwa kabla haijaiva. Tunaamini wengi wa wauzaji hawakukusudia kumdanganya mtu, lakini nia njema hairudishi mbegu wala miche iliyokwisha kuungua.

Mali ghafi si tatizo katika Mwanza. Taka za masokoni, samadi, pumba za mpunga, mashudu na mabaki ya samaki vipo vya kutosha. Kazi iko kwenye uwiano, kwa kuwa rundo linahitaji sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa kila sehemu 1 ya naitrojeni. Ukizidisha mabaki ya samaki, naitrojeni inapotea hewani kama amonia na majirani wanaanza kulalamika. Ukizidisha pumba za mpunga, ambazo ni ngumu kuoza, rundo linakaa miezi bila kupata moto.

Rundo la wazi linalotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa linapaswa kukaa kwenye joto la nyuzi 55 au zaidi kwa siku 15, na katika siku hizo ligeuzwe si chini ya mara 5, ili sehemu ya nje nayo iingie ndani na kupata joto la kuua vimelea na mbegu za magugu. Joto likikaribia nyuzi 70, geuza mapema, kwa sababu hata vijidudu vinavyofanya kazi ya kuozesha vitakufa. Tumia kipimajoto chenye mkono mrefu, uandike kipimo cha kila siku. Mvuke unaoonekana asubuhi si kipimo, na kiganja cha mkono pia si kipimo. Baada ya joto kushuka, rundo liachwe likomae kwa mwezi 1 hadi 2, na hapa ndipo wengi wanaposhindwa kusubiri. Rangi nyeusi haitoshi kuwa ushahidi: funga konzi chache za mboji yenye unyevu ndani ya mfuko wa nailoni kwa siku 3, na ukiufungua ukakuta joto au harufu mbaya, kazi bado haijaisha.

Wanaotumia gugumaji waongeze uangalifu. Zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni maji, kwa hiyo linyaushwe kwanza. Pia hufyonza metali nzito zenye sumu, kama risasi na zebaki, kutoka kwenye maji machafu, na metali hizo haziondoki kwa joto. Sampuli yake ni lazima ipimwe maabara.

Kuhusu faida, tunaomba wauzaji waache kuwaambia wakulima kwamba mfuko wa mboji ni sawa na mfuko wa urea. Mboji yenye naitrojeni ya asilimia 1.5 inabeba gramu 750 tu katika kilo 50, wakati urea ya uzito huohuo inabeba kilo 23. Thamani ya mboji iko kwingine. Udongo wa kichanga wa Usukuma, ule ambao wenyeji wanauita luseni, haushiki maji wala virutubisho, na mbolea ya dukani inayowekwa humo huoshwa na mvua kubwa ya kwanza. Mabaki ya viumbe yaliyomo kwenye mboji huufanya ushikamane, upitishe hewa na utunze unyevu mvua zinapokatika katikati ya msimu, na hivyo hata urea kidogo inayowekwa juu yake inamfikia mmea. Nimeona mashamba ya aina hiyo yakibadilika kwa misimu michache ya kuwekewa tani 2 hadi 4 kwa ekari, nami sioni kwa nini mali nzuri kiasi hicho iuzwe kwa maneno ya uongo.

Wapo wanaodai kwamba kitu cha asili hakihitaji usajili. Dai hilo si sahihi. Chini ya Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009, mbolea inayoingizwa sokoni, ikiwemo ya asili, husajiliwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania (TFRA), na mfanyabiashara naye anatakiwa kuwa na leseni. Anayekiuka anaweza kuzuiwa mzigo wake, kutozwa faini, kufungwa, au vyote kwa pamoja. Uzito ulioandikwa kwenye mfuko unasimamiwa na Wakala wa Vipimo, na mboji iliyofungashwa ikiwa mbichi hupungua inapokauka, hivyo mfuko ulioandikwa kilo 50 unaweza kukutwa dukani na kilo 42. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inalinda ukanda wa mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Marundo yasiwekwe humo, kwa sababu maji yanayochuruzika kutoka kwenye rundo ndiyo yanayolisha gugumaji lilelile tunalohangaika kuliondoa.

Sampuli ya kupeleka maabara ichukuliwe katika sehemu 10 za rundo, ndani na nje, ichanganywe juu ya turubai safi, igawanywe mafungu manne na kupunguzwa hadi ibaki kilo 1, kisha ifungwe siku hiyohiyo ikiwa na lebo ya tarehe na namba ya rundo. Namba hiyo iandikwe pia kwenye kila mfuko, ili lalamiko likija tujue ni rundo lipi la kulizuia badala ya kumfungia mtu biashara yote.